Kaunta Isiyoonekana Kwenye Luninga

Mwanza ya utoto wangu ilikuwa na televisheni kabla ya kuwa na kituo cha televisheni. Wenzetu Zanzibar walikuwa na kituo chao, tena cha rangi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini sisi wa Bara tulikaa gizani mpaka 1994, vituo vya kwanza vilipowashwa Dar es Salaam. Huku kwetu Ziwani, mwenye seti alikuwa na deki ya video, na mwenye deki alikuwa na marafiki wengi kuliko mchezaji wa Pamba. Mimi nilikuwa na rafiki mmoja mwenye deki. Baba yake alikuwa na duka la vitambaa, betri, sabuni na viberiti, si mbali na Makoroboi. Nyuma ya duka kulikuwa na chumba chenye pazia, na Jumamosi mchana tulijifungia humo tukitazama kanda zilizoletwa na shangazi yake kutoka Uingereza.

Yeye Mhindi, mimi Msukuma. Nalitaja hili mapema kwa sababu ndilo jambo lenyewe.

Kanda tuliyoipenda kuliko zote ilikuwa Mind Your Language, kichekesho cha Kiingereza kilichotengenezwa kati ya 1977 na 1979. Bila shaka nawe umekiona. Mwalimu Mwingereza, mpole, anafundisha Kiingereza watu wazima waliotoka kila upande wa dunia. Yumo Mama wa Kihindi anayefuma sweta, yumo Mpakistani, yumo Singasinga mwenye jambia kiunoni, yumo Mjapani, Mchina, Mjerumani, Mfaransa, Mwitaliano, Mhispania na Mgiriki. Wanatukanana, wanapatana, na mwisho wa kipindi kila mtu yuko dawatini kwake kana kwamba hakuna lililotokea. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Siku moja rafiki yangu akasimamisha kanda, akageuka, akaniuliza: "Mbona wewe humo?" Nikahesabu. Kweli bwana, dunia nzima imo, Mwafrika hamna. Tukacheka na hilo pia, kisha tukaendelea.

Miaka imepita, lakini swali lile limenikwama kooni kama mwiba wa sato. Je, urafiki wa watu wa rangi mbalimbali tunaoonyeshwa kwenye vichekesho vya televisheni ndio urafiki wenyewe? Na kama sio, kasoro iko wapi?

Tuanze kwa hao wenye televisheni zao. Marekani mwaka 1978 walianza kuonyesha kichekesho kiitwacho Diff'rent Strokes. Watoto wawili weusi wa Harlem wanachukuliwa na tajiri mmoja mweupe na kulelewa naye kwenye jumba la ghorofa. Wanaitana baba na mwana, wanagombana, wanakumbatiana. Safi kabisa. Lakini hebu tazama mlango walioingilia: mama yao marehemu alikuwa mtumishi wa ndani wa tajiri huyo. Jambo hilo linatajwa kisha linawekwa kando ili watu wacheke. Mimi ningependa kumsikia yule mama. Alipikia wapi? Alikula wapi? Alipokuwa hai, watoto wake waliwahi kuitwa sebuleni?

Miaka ya 1990 Wamarekani haohao walikuwa na vichekesho viwili vilivyofanana kama mapacha. Living Single kilianza 1993: vijana sita weusi wanaishi jirani huko Brooklyn, New York. Mwaka uliofuata kikaanza Friends: vijana sita weupe wanaishi jirani kwenye mji uleule. Mji mmoja, makochi mawili, na hawa na wale karibu hawajuani. Friends kilizunguka dunia nzima na kudumu mpaka 2004. Mwaka 2022 mmoja wa waandishi wawili waliokibuni, Marta Kauffman, alikiri hadharani kwamba anaona aibu kwa jinsi weusi walivyokosekana, akatoa dola milioni 4 kwa chuo alichosoma ili kugharimia masomo ya Kiafrika. Sitaki kumcheka. Ila nasema hivi: kwa kuwatenganisha watu, kichekesho kile pengine kilisema kweli zaidi kuliko vile vinavyowakalisha wote kochi moja bila kueleza wamefikaje hapo.

Afrika Kusini nao, ubaguzi wa kisheria ulipoanguka, walijaribu. Kwenye Suburban Bliss cha miaka ya 1990, familia nyeusi inahamia jirani na familia nyeupe, na ukuta kati yao unakuwa chanzo cha vituko. Angalau hapo ukuta ulionekana.

Nifafanue msimamo wangu mapema nisije nikaeleweka vibaya. Sisemi kwamba marafiki wa rangi mbalimbali hawapo. Wapo, nami nilikuwa mmoja wao. Uongo wa vichekesho hivi uko kwenye fanicha. Wanaweka kochi, na kwenye kochi watu wote wanakaa kimo kimoja. Urafiki wetu wa kanda hii haukuanzia kwenye kochi. Ulianzia kwenye kaunta, na kaunta ina upande wa ndani na upande wa nje.

Reli ya kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901. Tangu hapo bidhaa zilipakiwa melini zikavuka ziwa mpaka Mwanza, mji uliokuwa kituo cha Wajerumani tangu miaka ya 1890, na wafanyabiashara wa Kihindi wakaja na bidhaa hizo. Reli ya kutoka Tabora ilipofika Mwanza mwaka 1928, mji ulikuwa umekwisha gawanyika: Mzungu mlimani kwenye upepo, Mhindi juu ya duka lake, Mwafrika huko chini. Shule zilikuwa tatu kwa rangi tatu, na hospitali hivyohivyo. Serikali ya Mwingereza haikuwakataza watu kusalimiana. Iliwapangia tu mahali pa kusalimiania, na kwa Msukuma na Mhindi mahali hapo palikuwa pawili: kaunta ya duka na mizani ya pamba.

Mizani hiyo ndiyo iliyozaa siasa za Kanda ya Ziwa. Mkulima alibeba pamba yake kichwani mpaka kwenye ginneri, ambazo nyingi zilikuwa za Wahindi, akatazama sindano ya mizani ikisimama mahali asipopaamini. Manung'uniko hayo ndiyo Paul Bomani na wenzake waliyageuza kuwa ushirika mwanzoni mwa miaka ya 1950, mpaka mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, lililokuja kuwa miongoni mwa makubwa barani Afrika. Tafadhali usisome hapa kwamba kila Mhindi alikuwa mwizi na kila Msukuma malaika. Soma kwamba watu hawa walijuana kwa majina, walisalimiana kila msimu, waliulizana habari za watoto, na katikati yao daima palikuwa na chombo cha kupimia.

Sasa sikiliza kioja. Gavana Edward Twining alipoona Waafrika wanadai haki zao, alikuja na dawa: serikali ya rangi zote. Mwaka 1955 upande wa wawakilishi kwenye Baraza la Kutunga Sheria ukawa na viti 10 vya Waafrika, 10 vya Waasia na 10 vya Wazungu. Sawasawa kabisa! Waafrika walikuwa zaidi ya milioni 8, Waasia hawakufika laki moja, Wazungu kiasi cha elfu 20. Kwenye uchaguzi wa 1958 na 1959 ikaja kura tatu: kila mpiga kura alitakiwa kuchagua watu watatu, Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Asipotimiza, kura yake imeharibika.

Huoni kwamba hicho ni kichekesho cha televisheni kilichoandikwa na gavana? Mmoja wa kila rangi, wote sebuleni, wote wanatabasamu kwenye picha, na mwandishi anasema tazameni jinsi tunavyopendana. Kuhesabu vichwa ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kuonyesha urafiki, maana haimdai mtu yeyote kitu.

Ng'ambo ya ghuba yetu, Geita, watu walikataa kucheza sehemu waliyopangiwa. Mwaka 1958 serikali ilisimamisha huko baraza la wilaya la rangi zote, wakati TANU ilikuwa imefungiwa Usukumani tangu 1954. Wananchi hawakuwa wameombwa shauri. Walikusanyika kwa maelfu, wengi wakaandamana mpaka hapa Mwanza kupeleka malalamiko, na polisi wakawatawanya kwa mabomu ya machozi. Haukupita muda mrefu serikali ikaachana na mpango wa mabaraza hayo. Mtu wa nje angedhani wale wakulima walikuwa wabaguzi, kwamba hawakutaka kukaa na Mhindi. Lakini walikuwa wanakaa na Mhindi kila siku ya Mungu! Walichokataa ni kuitwa sawa kwenye karatasi wakati mizani iko palepale.

Lakini historia hiyohiyo inakataa kutuachia jibu jepesi. Katika uchaguzi uleule wa kura tatu, TANU iliamua kushiriki kwa kuunga mkono wagombea Waasia na Wazungu iliowaamini. Mmoja alikuwa Amir Jamal, Mhindi aliyezaliwa hapahapa Mwanza mwaka 1922 na kusoma mpaka Chuo Kikuu cha Calcutta. Mwingine alikuwa Sophia Mustafa wa Arusha, mwanamke wa Kihindi, aliyeandika habari za kampeni ile kwenye kitabu chake The Tanganyika Way mwaka 1961. Jamani, fikirini kidogo. Watu hawa walifanyia kazi chama ambacho wakati huo hakikuruhusu mtu wa rangi yao kuwa mwanachama. Milango ya TANU ilikuja kufunguliwa kwa wote baada ya Uhuru. Naye Nyerere, Oktoba 1961, wabunge walipotaka uraia uwe wa weusi peke yao, alisimama akapinga kwa ukali, na kusema serikali yake itajiuzulu ikiwa watang'ang'ania. Urafiki wa namna hiyo una gharama. Kila mmoja alimkera mtu wa nyumbani kwake.

Gharama yenyewe ilikuja kuonekana Aprili 1971. Sheria ilipitishwa ya kutaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Sheria haikutaja rangi, lakini wenye majengo hayo mijini walikuwa Wahindi zaidi. Mwanza, kama Dar, kama Tanga, familia zilizokuwa zimeweka akiba ya maisha kwenye kuta ziliamka zikiwa wapangaji. Wengi walifunga mizigo wakaenda Uingereza na Kanada. Na Waziri wa Fedha wa siku zile alikuwa nani? Amir Jamal, mtoto wa Mwanza. Sijui mwandishi gani wa vichekesho angeweza kuimaliza hadithi hiyo kwa dakika 25 na kila mtu akabaki dawatini kwake.

Waliobaki ndio walionilea mimi kwa mkopo, na hapa inabidi niseme habari zangu.

Mara ya kwanza nilipoingia kule nyuma ya pazia, bibi wa rafiki yangu aliniletea maji kwenye kikombe cha plastiki cha bluu. Wao walikunywa kwenye bilauri za chuma. Kikombe kile kilikaa peke yake dirishani, na kila nilipokuja ndicho nilichopewa. Baadaye nilielewa kwamba kina historia ndefu kuliko umri wangu, ya dini na tabaka za huko kwao, na kwamba hata Wahindi wa madhehebu mengine wangeweza kuwekewa kikombe chao. Wakati ule nilielewa kimoja tu, kwamba ni changu.

Rafiki yangu naye alipokuja kwetu Mabatini, mama alihangaika. Mgeni hawezi kunywa maji matupu. Akanituma soda. Hela hakuna, kwa hiyo nilikimbia nikaikopa kwenye duka la baba yake, ikaandikwa kwenye daftari, nikarudi mbio, akainywa. Hakujua. Hebu niambie, kipindi gani cha televisheni kimewahi kuonyesha mtu anakaribishwa kwa soda ya baba yake mwenyewe?

Kosa langu ni hili. Kidato cha nne, siku ya mahafali, tuliandaa mchezo. Kila mtu anajua jukwaani kwetu kicheko cha haraka kinapatikana wapi: mvalishe mtu kitambi cha mto, mpe kofia, aseme "Veve nataka nini? Kama hapana nunua, toka nje!" Ukumbi utaanguka. Niliyecheza Mhindi nilikuwa mimi, na ukumbi ulianguka kweli. Nilimwona rafiki yangu safu ya tatu. Alikuwa anacheka kama wengine, tena kwa sauti.

Jumatatu aliningoja nje ya duka, upande wetu wa kaunta. Akaniambia, taratibu tu, kwa Kiswahili chetu cha mtaani, "Mshikaji, baba yangu haongei vile."

Kweli haongei vile. Nilikuwa nimemsikia mara mia akiongea na akina mama wa Magu na Misungwi waliokuja kununua khanga, akiongea nao Kisukuma cha ndani, chenye utani wa kizee ambao mimi niliyezaliwa mjini sikuuelewa. Mhindi niliyemleta jukwaani sikumtoa dukani. Nilimtoa kwenye kanda za video na kwenye michezo ya wenzangu walionitangulia. Nilikuwa na mtu mzima mbele yangu kila siku, mwenye mambo yake, nikachagua kofia na mto. Na kile kicheko cha rafiki yangu safu ya tatu ndicho kilichonifundisha kuvisikiliza vile vicheko vinavyobandikwa kwenye vipindi. Ukivisikia, jiulize ni nani humo ukumbini anacheka ili asionekane hacheki.

Nilimwomba radhi. Akasema yameisha. Hayakuisha. Tuliendelea kusalimiana, tukaendelea hata kutazama kanda, lakini kuna mahali tulikuwa tunapazunguka.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 walihama. Duka lilipokuwa linafungwa, mama alikuwa bado anadaiwa, si nyingi, lakini kwa mshona nguo zilikuwa nyingi. Nilikuwa na ndoto yangu ya kitelevisheni: mzee atafungua daftari, atachana ule ukurasa, atasema tumekuwa majirani miaka mingi, na sote tutalia. Mama alifunga hela kwenye pindo la khanga, tukaenda. Mzee alifungua daftari. Akatafuta jina kwa kidole. Akazihesabu zile noti mara mbili, akapiga mstari mrefu juu ya deni letu, akasema, "Wabeja, mayu." Basi.

Njiani nilikuwa nimekasirika. Nikamwambia mama, kwa nini asituachie, anaondoka na mali yote ile? Mama akasimama pale daraja la Mirongo, akanitazama kama mtu asiye na akili. "Angeniachia," akasema, "ningekuwa maskini wake mpaka kufa. Amenihesabia kama mtu."

Nimeyaweka maneno hayo juu ya vitabu vyote nilivyosoma kuhusu jambo hili.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayeandika, au unayeota kuandikia vituo vyetu vya siku hizi, maana sasa hata Mwanza tunatengeneza vipindi: usiache kuwaandika marafiki wa rangi mbalimbali eti kwa kuwa Wamarekani wameharibu. M. G. Vassanji, Mhindi aliyekulia Dar es Salaam, aliandika The Gunny Sack mwaka 1989 na hakuogopa kuanzia na babu wa Kihindi aliyezaa na mjakazi wa Kiafrika. Upande wetu sisi tunaoandika kwa Kiswahili bado kuna pengo. Mhindi wetu ni wa kofia na mto, Mzungu wetu ni wa kubeba kamera, na Msukuma wetu, akifika Dar, ni mshamba wa kuchekwa. Ukitaka kuwachekesha watu, wachekeshe, kicheko ni halali. Lakini kabla hujawakalisha marafiki wako kwenye kochi, weka kwanza kaunta. Onyesha nani yuko ndani na nani yuko nje, nani anadaiwa, kikombe kipi ni cha nani. Kisha mwache mmoja wao ainue ule ubao wa kupitia, amwambie mwenzake apite, na sisi watazamaji tuone kama atapita.

Rafiki yangu hunipigia simu mara chache kwa mwaka. Akipiga huanza, "Mwangaluka!" hata kama kwetu ni usiku. Bado sijamwambia habari ya ile soda. Akisoma haya, atajua.